Aliyekaa Kiti cha Nyuma

Bonde lilikuwa kwenye kiti cha nyuma cha gari, upande wa kushoto, na mshona viti akajua si la mwanawe, maana mtoto wa miezi kumi hana makalio ya ukubwa ule. Jana yake alikuwa ameivuta ngozi ya kiti kile mpaka vidole vikamuuma, ikakaza kama ngoma, na leo asubuhi kuna mahali mtu mzima amekaa akainuka. Akakipiga kofi, kikanyooka. Aliporudi kutoka kukoroga uji, bonde lipo.

"Baba Bonge, umekaa humu?"

"Nikae na suruali hii?" Mumewe alikuwa chini ya gari, inaonekana miguu tu, imejaa grisi. "Niichafue kazi yangu mwenyewe, mama, nimerogwa?"

Gari lilikuwa la umri wa babu zao, mashavu ya duara, taa kama macho ya chura. Fundi alilishusha tumbo mpaka likakaribia ardhi, akalikata paa likainama, akalivalisha matairi mapana na breki za diski. Injini mpya, yenye turbo, ilikuwa bado inaning'inia kwenye mnyororo katikati ya gereji. Ukifungua boneti unaona sakafu.

Siku ya pili ikaja harufu, tumbaku ya zamani na nywele zilizolowa mvua, na mvua yenyewe haijanyesha. Siku ya tatu ukaanza mkanda. Yuko kwenye cherehani, anasikia mgongoni: klik. Anageuka, mkanda wa nyuma umejifunga. Anaufungua, anarudi kukaa. Klik.

Na Bonge, ambaye siku ile ya bonde alilazwa pale kitini usingizi wa saa moja tu, hakunyonya tena. Siku tatu! Ukimpa ziwa anageuza uso, anatazama juu ya bega la mama yake kama kuna mtu anaongea naye, na mwili baridi kama mtungi. Zahanati wakampima, wakasema hawaoni kitu.

Siku ya nne, jua la saa sita, mganga akafika kwa pikipiki, mwanamke mfupi, hata helmeti hakuvua. Akanusa dirishani.

"Ni nini cha zamani mmekiacha humu ndani?"

"Hakuna!" fundi akaapa. "Gia mpya, waya mpya, breki, kila kitu. Limebaki bati."

Mkewe yakamtoka yote kwa mkupuo, kwa sauti ya chini. "Kiti sikukichana. Nilikuta makumbi ya nazi ya ndani bado mazima, yameshindiliwa na fundi aliyejua kazi, sponji za siku hizi mwaka mmoja zimelala, nikaona nisiyatupe, nikavalisha ngozi mpya juu ya kuukuu."

"Mke wangu!"

"Basi ndimo alimo mwenye gari wa zamani," mganga akanong'ona. "Ukimfunika bila kumuaga ameona umemkaribisha. Sasa taratibu, binti. Tumwombe. Tumwachie gari lake, pengine atamwachia mtoto."

"Pengine?"

Klik.

Wote watatu wakatazama mkeka alikolazwa Bonge, na mkeka ulikuwa mtupu, na Bonge yuko ndani ya gari, kiti cha nyuma upande wa kushoto, amekaa wima kama mtu mzima anayesubiri kupelekwa mahali, mkanda umembana kifua, milango imejibana, na lile gari lisilo na injini likaanza kunguruma, kwanza chini kwa chini kama paka, kisha mpaka spana zikacheza mezani na mnyororo ukatikisika na ile injini ikawa inayumba peke yake huku ndani ya eksozi mpya, ambayo haijaunganishwa na chochote, sauti nzito inasema polepole: *Nimekaa hapa kabla mama yako hajazaliwa.*

Fundi akapiga magoti. Mganga akarudi nyuma hatua tatu. "Mwite bwana," akamnong'oneza mama. "Mwite bwana, mwanangu, usimjibu vibaya."

Mama akachukua kisu chake cha kukatia ngozi.

"Umekaa sana, basi," akasema. "Inuka."

Akavunja kioo kwa nyundo ya mumewe, akaingia kichwa kwanza, vigae vinamchana mikono na baridi inampanda mpaka mabegani, akaukata mkanda, akamtupa mtoto kwa baba yake, na wala hakutoka! Akakipasua kiti, kazi yake mwenyewe ya wiki mbili, akayang'oa makumbi mafungu kwa mafungu, yamelowa, yana joto kama kitu kilichokuwa kinapumua, na sauti sasa nyembamba, inauliza: *Nitakaa wapi? Nitakaa wapi?*

"Simama! Wenzako wote tunasimama."

Akayachoma uani, kwenye pipa, petroli nusu kopo. Gari likanyamaza.

Akakaa chini pale pale, damu viwikoni, akampokea Bonge, akamwekea ziwa. Bonge akalitazama. Akalishika kwa mikono miwili, akang'ata kwa meno yake yote mawili, mama akapiga yowe na kucheka na kulia papo hapo.

Moshini mtu akakohoa, kikohozi cha mzee, kikapita karibu na sikio lake, kikaelekea barabarani taratibu.

"Pole," mama akasema, bila kugeuka. "Na huku usirudi."

Mtoto alikuwa bado ananyonya.