Mgeni wa Mstari wa Tano

Harufu ya udi ilianza asubuhi, katika chumba ambacho hakikuwahi kufukizwa udi. Kajetani Gama akainusa kompyuta, akanusa na waya, akaona ni joto tu. Alikuwa amechoka. Kwa wiki tatu, pale nyumbani kwake Ruhuwiko, alikuwa akihamisha nyimbo za zamani kutoka kompyuta yake ya zamani kwenda mpya. Programu mpya ilikataa kufungua kazi za programu ya zamani, ikambidi kurekodi upya sauti moja moja, kila moja kwenye mstari wake, kisha kuzipanga zianze pamoja.

Juzi alimaliza nyimbo za kikundi cha Wayao wa Nalasi za mwaka 1996, ngoma ya kupunga majini. Kanda za kwanza za nyimbo hizo zilikwisha kwenda Madaba kwa basi, kwa Saleh mwuza kanda. Leo alikuwa akihakiki tu.

Sauti zilikuwa nne. Kwenye kioo cha kompyuta, mistari mitano.

Akaufuta wa tano. Ukarudi.

"Mama Rosemary," alimwita mkewe, Hilda, aliyekuwa akileta uji. "Hebu sikiliza."

Hilda akavaa hedifoni. "Kuna mtu anapumua humu."

"Mashine hiyo. Imechoka kama mimi."

"Mashine inapumua tangu lini?"

Hakuzivua. Mabega yake yakaanza kufuata ngoma, kikombe kikamponyoka, na yeye, Mngoni wa Peramiho asiyejua hata salamu ya Kiyao, akaanza kusema Kiyao kwa sauti nzito ya mwanamke mzee, akirudia maneno yale yale, huku udi ukijaa chumba hadi macho yakamwasha mumewe, na hata Kajetani alipochomoa waya ukutani, ngoma haikunyamaza.

Akakimbilia sokoni kumwita Bi Asma Daimu, kiongozi wa kikundi kile, ambaye siku hizi aliuza korosho mjini.

"Anasema nini?" Kajetani alinong'ona walipofika.

"Anauliza, mmeniita, mbona hamniagi?" Bi Asma akamkazia macho. "Wimbo wa mwisho umeuweka wapi, baba?"

Kajetani akainama. Wimbo wa kumuaga jini ulikuwa ngoma moja na manung'uniko, dakika kumi na moja nzima. Diski ilikuwa imejaa. Akauacha, kisha akaifuta kompyuta ya zamani apate kuiuza.

"Nilikwambia siku ile ya kurekodi usiutenge na wenzake."

"Uliniambia. Nilichoka, dada."

Bi Asma akapindua ndoo sakafuni, akaipiga, akaimba wimbo ule wa kuaga mpaka sauti ikamkauka. Hilda akaanguka taratibu kama mtu anayesinzia. Harufu ikapungua.

"Maji," Hilda akasema, kwa Kiswahili.

Kajetani akamnywesha huku akilia bila sauti. Bi Asma alikuwa mlangoni akijifunga ushungi simu ya Kajetani ilipolia.

"Shikamoo, mzee Gama," alisema Saleh, kwa sauti ya chini. "Zile kanda, mbona zinanuka udi?"

Nyuma yake mwanamke alikuwa akiuliza jambo kwa Kiyao, tena na tena, kwa sauti iliyofika hata mlangoni. Kajetani hakuhitaji kutafsiriwa.

Bi Asma akafungua ushungi. "Ziko ngapi?"

"Arobaini," alisema Kajetani.