Salongo Kwenye Shule ya Karuba

Kule Karuba, asubuhi ukungu hutangulia kuamka kuliko watu. Vestine Mukamurenzi aliwasha moto, akabandika viazi, akaita binti yake Cindy aje kuchambua maharagwe. Mtoto alikaa kwenye kigoda, akaanza kuchambua. Zamani saa kama hiyo angekuwa njiani kwenda masomo. Sasa masomo yalikuwa yamefungwa.

Familia zilizokimbia vita zilikuwa zimelala madarasani kwa majuma mengi. Halafu kolera ikaingia kati yao, ule ugonjwa ambao wengine huuita kipindupindu. Wagonjwa walibebwa kwenda kituo cha afya, wazima wakahamishiwa kambini. Nyuma yao ilibaki mikeka iliyolowa, matambara, ndoo za matapishi na harufu iliyofika mpaka barabarani.

Jumapili, baada ya ibada, Papa Hakorimana, mkubwa wa kamati ya wazazi, alisimama mbele ya watu. Alitangaza salongo, ile kazi ya pamoja ya kijiji.

"Watu wa afya wamesema tuwangoje," alisema. "Lakini watoto wanakaa bure. Kesho tutasafisha sisi wenyewe."

Nyumbani, Vestine alimwambia mume wake, Théophile Mbonigaba:

"Papa Cindy, tungoje bale batu ya afya. Ile uchafu si ya kawaida."

Théophile alicheka. "Uchafu iko uchafu tu, Mama Cindy. Tangu utoto ninaondosha mavi ya ngombe na mikono."

"Ile ya ngombe haikuue."

"Sasa mutoto asome wapi? Uniambie."

Kesho yake Théophile aliondoka kwenda shuleni na ufagio wake, pamoja na mdogo wake Magloire. Walifagia sakafu kavu, vumbi likawaingia mdomoni. Walibeba mikeka kifuani na kumwaga ndoo kwa mikono mitupu. Mchana mtu alileta mahindi ya kuchoma. Kisima kilikuwa mbali, basi kila mmoja alipangusa mikono kwenye suruali, akala.

Jioni Théophile alirudi na blanketi zuri begani. Alikuwa amelikuta darasani.

"Lisiingie ndani," Vestine alisema. Alilichukua kwa ncha ya vidole, akalitupa juu ya uzio.

Haikupita hata siku mbili, tumbo la Théophile likafunguka. Alikuwa akitoa maji matupu, meupe kama yale ya kuoshea mchele. Alitapika. Misuli ya miguu ilimkaza mpaka akalia kama mtoto. Vestine alichota maji kwenye kikombe, lakini mama mkwe wake, Mama Nyiramana, alimshika mkono.

"Usimupe mayi! Hauone? Kila kitu anakunywa inatoka. Utamumaliza."

Mama Nyiramana alikuwa amelea watoto wengi, na Vestine alimheshimu. Alirudisha kikombe chini.

Jua lilipokuwa kichwani, macho ya Théophile yalikuwa yamezama na ngozi yake imekunjamana. Wanaume walimlaza kwenye tipoyi, ile machela ya miti, wakambeba kuteremka mlima. Njia ilikuwa ya matope. Vestine alitembea kando yake. Sauti ya mume wake ilikuwa imekwisha, lakini alisoma midomo yake: "Mayi."

Alimtazama mama mkwe. Mama Nyiramana alitikisa kichwa.

Kabla hawajaona paa la kituo cha afya, wabebaji walisimama wenyewe. Hakuna aliyewaamuru. Waliweka tipoyi chini, wakavua kofia.

Watu wa afya ndio waliomzika. Walivaa mavazi ya kujikinga, wakamwaga klore, ile dawa ya kuua vijidudu, juu ya mwili, wakamfunga kwenye mfuko. Vestine hakumwosha mume wake wala hakumgusa uso. Alisimama mbali, amemshika Cindy kwa nguvu, huku watu wengine wakimtia udongo.

Aliporudi, alikuta nyumba inanuka. Hakutaka majirani waone matapishi ya mume wake. Alifunga kikwembe, yaani kitenge, kiunoni, akapiga magoti na kitambaa na maji ya baridi.

"Mama, simama hapo!"

Mlangoni alisimama mwanaume mwenye buti ndefu za mpira, na mtungi wa kunyunyizia dawa mgongoni. Aliitwa Benoît. Kazi yake katika kituo cha afya ilikuwa kusafisha mahali palipopita ugonjwa.

"Unajua mikono yako inagusa mauti, Mama?" aliuliza kwa upole. "Ugonjwa haujatoka mu hii nyumba. Iko hapo chini, mbele ya magoti yako."

Alimmiminia maji ya klore hafifu mikononi, akamwosha mpaka kwenye viwiko. Halafu akamkalisha nje.

"Batu wanafikiri mugonjwa anayelala njo mwenye kuwa mu hatari," alisema. "Lakini anayesafisha nyuma yake, hatari yake iko kubwa vilevile. Kidudu ya kolera inakaa mu mavi na mu matapishi. Inapanda ku mukono, mukono inapanda ku kinywa. Basi."

"Na ile mahindi walikula..." Vestine alisema.

"Njo vile. Ndivyo."

Benoît alivaa glavu nzito za mpira, zile wanazoita magan, aproni, kitambaa cha kufunika mdomo na miwani. Hakufagia. Kwanza alimwaga klore kali juu ya uchafu, akaacha ifanye kazi yake. Ndipo akaondoa uchafu kwa pawa, yaani chepe, na kuutupa kwenye shimo la choo, mbali na kisima. Nguo za Théophile zililowekwa katika klore, kisha zikachemshwa. Mkeka na lile blanketi la kwenye uzio vilichomwa.

Alipomaliza, aliosha magan kabla ya kuyavua, kisha akaosha mikono kwa sabuni.

Vestine alimsogelea. "Papa Benoît, nikikuuliza, usinidanganye. Ningemupa mayi, angepona?"

Benoît aliweka mtungi chini. "Siwezi kujua, Mama. Ninajua hii tu: kolera inaua kwa kukausha muntu. Ukianza kumunywesha mapema, wengi wanapona."

Alimwachia pakiti za serumu ya kunywa, ule unga wa kukoroga katika maji ili kurudisha maji mwilini. "Zikikosa, chukua lita moja ya mayi ya kuchemsha. Tia vijiko kidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo ya chumvi, usizidishe. Na njiani usiache kumunywesha. Kituo cha afya ni lazima."

Ile ile siku, jioni, Magloire alianza kuhara.

Mama Nyiramana alilia, akajifunga kitambaa kichwani kama aliyekwisha kufiwa tena. Vestine alikoroga serumu.

"Vestine, usimupe!"

"Mama," Vestine alisema, "mumoja nilimunyima. Huyu simunyimi."

Alimnywesha kidogo kidogo. Magloire alitapika. Vestine alingoja kidogo, akaanza tena. Kila alipomgusa, aliosha mikono. Hata Magloire alipobebwa kwenye tipoyi, Vestine alitembea kando yake na kikombe. Kwenye kituo cha afya walimtundikia serumu ya mshipa, na baada ya siku chache Magloire alirudi kwa miguu yake. Mama Nyiramana alimpokea, akaketi chini, akalia kwa ajili ya yule mwingine.

Shule ilikuwa bado haijaisha kusafishwa. Papa Hakorimana alikuja kwa Vestine, akashindwa kuinua macho.

"Safari hii tunangoja Benoît," alisema.

"Na mimi nitakuja," Vestine akajibu.

Benoît aliwapa watu wachache tu vifaa vya kujikinga. Mwenye kidonda mkononi alimrudisha nyumbani. Papa Hakorimana alitaka kumwaga asidi ya choo ndani ya klore ili iwe kali zaidi.

"Acha, Papa!" Benoît alipaza sauti. "Ukichanganya inatoka hewa ya sumu. Itatuua mbele ya kolera."

Chini ya matambara waliona sindano ya serumu, iliyoachwa na waliohudumia wagonjwa kabla hawajabebwa. Astrid, dada wa marehemu Théophile, aliinama kuiokota.

"Usiguse, Astrid," Vestine alisema. "Magan haizuie sindano."

Benoît aliiokota kwa koleo, akaitia kwenye kopo gumu. Wakaendelea. Hakuna aliyekula wala kujipangusa uso kabla ya kunawa. Kwa siku zilizofuata kila mmoja alijichunguza tumbo. Hakuna aliyeugua.

Masomo yalifunguliwa siku ya mvua. Vestine alimsindikiza Cindy mpaka mlangoni. Sakafu ilikuwa imekauka, na darasa bado lilinuka klore.

"Mama," Cindy aliuliza, "Papa njo alisafisha hapa?"

"Njo yeye alianza," Vestine alisema. "Sisi tulimaliza. Ingia, mutoto wangu. Lakini nawa kwanza."