Changarawe ya Dewey

Kila msimu wa samoni, Lavonne aliamka mapema akapasua kuni za kukaushia samaki. Bibi yake, Irma, alikaa karibu na banda la moshi akinoa visu. Kaka yake, Dewey, alivuta nyavu mtoni. Lakini mwaka hadi mwaka nyavu zilizidi kuwa nyepesi.

Siku moja Lavonne alimkuta samoni jike amekufa ukingoni, chini kidogo ya bwawa lililojengwa kuuzuia mto. Mkia wake ulikuwa umechubuka hadi mfupa. Alimbeba nyumbani, akampasua tumbo. Mayai yote yalikuwamo.

Bibi Irma aliweka kisu chini. "Masikini! Ametoka baharini kote huko kuja kuzaa, halafu anakufa na mimba yake?"

"Ni ugonjwa," alisema Dewey. "Au ni wale sili, wanyama wa baharini walao samaki, wamemjeruhi."

"Sili gani anauma mkia tu?" aliuliza Lavonne. "Mimi naenda kumwita Marlys aje amtazame."

Marlys alikuwa jirani yao, na kazi yake ilikuwa kutunza samaki wa kabila lao. Alifika, akautazama ule mkia.

"Huyu alikuwa anachimba," alisema. "Samoni jike huchimba shimo kwa mkia, akataga mayai, kisha akayafukia. Anahitaji changarawe, vijiwe vidogo vinavyoenea kiganjani. Maji hupita katikati yake, mayai yakapata hewa."

"Mto wetu umejaa mawe," alisema Dewey.

"Mawe makubwa kama vichwa vyetu! Zamani mto ulileta changarawe kutoka milimani. Sasa inakwama nyuma ya bwawa. Ile iliyokuwa huku chini imesombwa na mafuriko, na haiji nyingine."

Lavonne alimgeukia kaka yake. "Na lile rundo la changarawe nyuma ya nyumba yako?"

"Aa, hapana! Ile nimeichimba kwenye shamba langu, ni ya barabara. Mvua ikinyesha, Bibi anakwama kwenye tope."

"Usinisingizie mimi," alisema Bibi Irma. "Mimi nikikwama nitapiga kelele, mtakuja. Samoni atamwita nani? Toa changarawe, mjukuu wangu."

Dewey alijikuna kichwa. "Basi kesho naenda kuimwaga."

"Thubutu!" Marlys alicheka. "Ina udongo. Udongo ukiziba nafasi kati ya vijiwe, mayai hukosa hewa yakafa. Kwanza tuombe kibali cha kuiweka mtoni. Kisha tuichekeche na kuiosha. Tutaiweka kiangazi, kabla samaki hawajapanda mto, pale penye maji ya kina kifupi yanayokwenda kasi."

Kibali kilichelewa, Dewey akanung'unika. Kilipotoka, familia nzima ilichekecha na kuosha mpaka mikono ikafa ganzi. Dewey mwenyewe aliendesha lori hadi ukingoni.

Majani yalipoanza kugeuka manjano, Lavonne na kaka yake walilala kifudifudi ukingoni. Jike mkubwa alijilaza ubavu juu ya changarawe, akapiga mkia. Vijiwe viliruka. Akapiga tena.

"Ona!" alinong'ona Dewey. "Anachimba ya kwangu!"

"Nyamaza, utamfukuza."

Mafuriko ya majira ya baridi yaliondoka na sehemu ya changarawe. Dewey alikasirika. "Jasho letu lote limekwenda na maji!"

"Limesogea tu, huko chini nako kuna samaki," alisema Marlys. "Maadamu bwawa lipo, tutaongeza kila mwaka. Lakini mashimo mengi ya mayai yamesalimika. Subiri."

Majira ya kuchipua yalipofika, Lavonne alimshika Bibi Irma mkono, wakashuka mtoni. Kando ya mawe, penye maji yaliyotulia, vifaranga vya samoni vilijaa, vyembamba kama sindano. Bibi aliinama, akasema nao kwa lugha ya wazee wake.

"Umewaambia nini, Bibi?" aliuliza Dewey.

"Nimewaambia wamezaliwa kwetu. Huko baharini wakiulizwa, waseme bila woga."

Dewey alifuta macho haraka, akajifanya ni jua. Kisha akaenda kuwasha lori, kwani changarawe ya mwaka ule ilikuwa bado haijaoshwa.