Hodi Katikati ya Chamchela

Kilichomfanya Haroun asimame mvuani, kando ya gari lenye vitanda vinne, jiko na meza ya kulia, kilikuwa adabu tu. Mkewe, Raisa, alikuwa amevuka barabara na binti yao Zuwena kwenda kununua maembe, na ndani ya gari amebaki Bi Mwatima, mama yake Raisa. Mkwe. Na Haroun, mtu wa Unguja aliyelelewa akaleleka, hakujua namna ya kukaa peke yake na mkwewe baina ya kuta nne, sembuse kuta za gari.

Wiki nzima ndivyo walivyosafiri. Gari-nyumba lenyewe waliliazima kwa rafiki ili kumtembeza bibi aliyekuja kutoka Zanzibar aione Uingereza kabla macho hayajachoka. Bi Mwatima akiamka, Haroun hushuka. Bi Mwatima akitaka chumvi husema, "Raisa, mwambie mumeo anipe chumvi," na chumvi iko mbele ya Haroun, na Haroun anasikia vizuri kabisa, lakini atangoja aambiwe na mkewe. Katika gari ambalo ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, hiyo si kazi ndogo.

Asubuhi hiyo ya Julai 2005 walikuwa wameitembea Birmingham mpaka miguu ikawaka. Bi Mwatima alisimama mbele ya lile jengo la maduka la Bullring lililojaa visahani vinavyong'aa kama magamba toka chini hadi juu, akaliangalia muda mrefu. "Samaki huyu," alisema, "atakuja kuparuliwa na nani?" Kwenye mifereji aliona mashua nyembamba ikiingia baina ya milango miwili ya mbao, maji yakajaa, mashua ikapanda juu pamoja na vyungu vyake vya maua. Alitia mkono kifuani. "Subhanallah. Huku hata maji yana ngazi." Haroun alicheka, kisha akajizuia, maana hakuambiwa yeye.

Mchana walitakiwa Northfield, nyumbani kwa Vuai, binamu yake Raisa. Lakini nyumba ya watu haiingiwi mikono mitupu, na msimu wa maembe ya Pakistani ulikuwa umefika. Ndiyo wakasimama Ladypool Road, Sparkbrook, humo humo Birmingham.

Mvua ilikoma ghafla. Haroun akainua uso. Mawingu yalikuwa na rangi ya kijani, kijani cha chupa, na yalikuwa yakizunguka. Hakuna ndege. Joto lilimkaba shingo. Ng'ambo ya barabara Zuwena alitoa kichwa mlangoni mwa duka, akapaza sauti, "Daddy, look at the sky!"

Hapo ndipo aliposikia ule mngurumo, kama mashine ya kukoboa mpunga iliyowekwa sikioni. Mwisho wa mtaa, juu ya mapaa, kilisimama kitu cheusi kirefu, kikizunguka. Vigae viliruka kuelekea kwake kama njiwa waliotishwa. Mti mzima ulichomoka na mizizi yake, ukalala juu ya magari. Mwenye duka alimvuta Zuwena ndani, na kupitia kioo Haroun alimwona Raisa akimpungia, akifungua kinywa: Mama! Mama!

Kutoka aliposimama, duka lilikuwa hatua chache, na lina kuta za matofali. Mlango wa gari ulikuwa mgongoni pake. Akageuka, akashika kitasa, na mtu huyu, huku mbingu inashuka, akabisha hodi.

"Hodi, Mama!"

"Ngoja!" ilitoka sauti ndani. "Ndiyo kwanza nainuka mswalani. Ngoja nijistiri."

Naye akangoja! Pumzi mbili, tatu, mkono kitasani. Pipa la taka likampita juu ya kichwa. Ndipo akili ilipomrudia. Alifungua bila ya kukaribishwa, akaruka ndani, akamkuta Bi Mwatima amesimama na buibui mkononi.

"Chini, Mama! Lala chini!"

"Nini hicho?"

"Chamchela!"

Bi Mwatima aliijua chamchela ile ya uani, inayozungusha majani makavu na watoto kuikimbilia. Hakuwahi kuambiwa kuwa inakua. Gari liliinuka upande mmoja, likakaa hewani kana kwamba linafikiri, kisha likaanguka kwa ubavu. Sahani, sufuria, mchele, viatu, vyote vilikuja juu yao. Haroun alijirusha juu ya mkwewe na kumfunika kwa mwili wake. Mngurumo ukapita. Kukawa kimya.

"Mama?"

"Nipo. Mguu."

Kioo cha kabati kilikuwa kimempasua chini ya goti, na damu ilikuwa ikitoka kwa kuruka. Na tena kulikuwa na harufu ya yai viza. Haroun alijua ni nini. Mtungi wa gesi ulikuwa unavuja, na mlango wa gari sasa ulikuwa chini yao, umebanwa na njia ya miguu.

Aliokota kanga, akapiga magoti, akageuza uso pembeni na kuanza kupapasa.

"Unatazama wapi?" aliuliza Bi Mwatima.

"Mama, nakustahi."

"Utanistahi nikishapona. Tazama unachokifunga! Damu haijui mkwe."

Akatazama. Alifunga kanga juu ya goti, akapenyeza mwiko kwenye fundo, akauzungusha mpaka Bi Mwatima akauma meno. Damu ikapungua. Alikuwa akilia bila ya kujua.

"Usilie, tutoke," alisema yule bibi. "Wapi pana njia?"

"Dirisha la nyuma." Alilipiga teke kwa miguu miwili. Halikutikisika. Akapiga tena. Gesi ilimwingia kichwani, macho yakawa mazito. "Mama, nishike shingo. Usiniachie."

Nje mtu akaita. "Wee! Nasikia Kiswahili huko ndani? Mko wangapi?"

"Wawili! Mama ameumia, na gesi inavuja!"

"Sawa, hata mimi naismell. Msiguse switch yoyote. Funikeni uso, navunja hii window!"

Alikuwa Gedi, Msomali aliyekulia Garissa, muuza simu wa duka la pili, na mkononi alikuwa na chuma cha kufungulia shata la mlango wa duka. Alipiga mara moja, dirisha likapasuka. Alipiga tena, likaanguka. Haroun alimpandisha Bi Mwatima mgongoni, na Bi Mwatima si mwembamba, akatambaa naye juu ya mchele na vigae vya watu, akatoka.

"Twende mbali, brother, harakisha!" Gedi aliwavuta hadi kona ya mtaa, na hapo ndipo Haroun aliponyoosha mgongo na kuona.

Jua lilikuwa linawaka. Mtaa mzima ulikuwa umefunuliwa kama sufuria. Nyumba zilikuwa hazina mapaa, na katika chumba kimoja cha juu kisicho ukuta, nguo zilikuwa bado zimetundikwa kabatini, zimepangwa, hata shati moja halijaanguka. Miti mikubwa ililala barabarani na udongo kwenye mizizi. Maembe yalitapakaa kote, mazima. Watu walitoka milangoni mmoja mmoja, weupe kwa vumbi.

"La ilaha illallah," alisema Bi Mwatima polepole, akiwa bado mgongoni. "Na sisi tulishangaa jengo."

Raisa alitokea anakimbia, Zuwena mkononi. Alipomwona mumewe amembeba mama yake alisimama, kisha akawakumbatia wote wawili kwa pamoja, na Haroun hakujitoa.

Siku iliyofuata waliruhusiwa kutoka hospitali, mguu umeshonwa, wakafika Northfield bila ya gari na bila ya maembe. Vuai alimpa Bi Mwatima chumba cha chini. Jioni Raisa akiwa anamwogesha Zuwena, chai ilikuwa tayari, na hapakuwa na mtu mwengine wa kuipeleka. Haroun aliichukua. Alifika mlangoni, ulikuwa wazi, akasimama.

"Hodi."

"Nani huyo?"

"Mimi, Mama. Haroun."

"Haroun," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza jina hilo kutoka kinywani mwake. "Hodi ya nini, mwanangu? Jana ungeendelea kungoja nikukaribishe, leo ungekuwa unabisha kaburini."

Alisogeza mguu wake mgonjwa, akampisha nafasi kitandani. Haroun akaingia, akakaa.

"Nipe sukari," alisema Bi Mwatima.

Akampa.