Kizibo Kilikuwa Mfukoni Mwangu

Ndugu wasomaji, nina miaka hamsini na saba. Ni fundi wa moteri za boti hapa Bujumbura, mzaliwa wa Buyenzi, baba wa watoto wanne. Watu wa mtaani wananiita Swedi fundi mwaminifu. Wakiniita hivyo, mimi natazama chini... Leo nataka kuwaeleza sababu.

Miaka ile ya vita nilikuwa nimepita thelathini kidogo. Barabara ya Rumonge ilikuwa ya kuombea dua. Magari yaliviziwa, watu wakashushwa, wengine hawakuonekana tena. Aliyeweza kupita ziwani alipita ziwani. Patroni wetu, yaani tajiri aliyetuajiri, alikuwa na boti moja ya chuma ya kubeba watu, na mafundi wake tulikuwa wawili tu: mimi na Bahati.

Bahati alikuwa Mkongomani wa Uvira. Alikimbia vita vya kwao, akaangukia katika vita vyetu. Alipanga chumba Buterere, kule ambako mvua ikinyesha watu wanapandisha magodoro juu ya meza. Alikuwa mtu wa kanisa, mpole, hana maneno mengi. Nilipolala na malaria wiki mbili, alifanya kazi yake na yangu, na patroni hakujua. Kwa miaka mitatu tulikula sahani moja.

Boti kama ile ina tundu nyuma, chini kabisa, karibu na moteri. Ikiwa nchi kavu unafungua kizibo chake ili maji ya mvua yatoke. Sisi tulikiita bushoni. Kabla boti haijagusa maji, unakipaka grisi, unakirudisha, unakikaza. Ni kazi ya dakika moja.

Wiki ile boti ilikuwa juu ya magogo, tumeichomelea ubavu. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Asubuhi nikainama, nikafungua bushoni kwa mkono wangu huu, maji yakaanza kutoka. Desturi yetu ilikuwa kuiweka juu ya kiti cha dereva, kila mtu aione. Lakini nilikuwa bado nimeishika bomu la kwanza lilipoanguka mjini.

Nikaitumbukiza mfukoni mwa ovaroli, nikakimbia barabarani kuangalia moshi unatoka wapi. Mawazo yangu yote yalikuwa nyumbani. Je, nani angekumbuka kipande cha chuma saa kama ile?

Mabomu yaliendelea kutoka milimani. Watu wakaanza kumiminika ziwani, wengine miguu mitupu. Katikati yao nikamwona mke wangu Zaina, binti yetu Mwajuma mgongoni, na mkononi amemshika mama yake, Bi Mwamvita. Mama mkwe wangu alikuwa amevaa kiatu kimoja. Niliwakimbilia bila hata kumsalimu, nikawaleta kwenye boti.

Bahati alikuwa ameinama kwenye moteri, anaunga mpira wa mafuta. Akaniuliza, "Swedi, huko chini yote iko sawa?"

Nikamjibu, "Iko sawa. Tusukume."

Iko sawa... Maneno yangu mwenyewe. Sikuangalia. Sikupapasa hata kwa kidole.

Tuliondoka watu kumi na tisa. Niliendesha kuelekea kusini, mbali kidogo na nchi kavu ili risasi zisitufikie. Nilisikia boti nzito, nikasema moyoni ni wingi wa watu. Kumbe maji yalikuwa yanajaa chini ya mbao za sakafu, mahali macho hayaoni. Baada ya robo saa, mwanamke mmoja aliyekaa nyuma akasema taratibu, "Fundi, miguu yangu iko ndani ya maji."

Hapo nikakumbuka. Wasomaji wangu, sijawahi kuogopa vile, hata mabomu hayakuniogopesha vile. Nilipeleka mkono mfukoni na nikaigusa. Ilikuwa baridi. Hukazwa kwa nje tu, na nje sasa kulikuwa chini ya maji.

Moteri ikakohoa, ikazima. Nyuma ikazidi kuzama. Watu wakapiga kelele, wakakimbilia upande mmoja, boti ikalala. Watatu wakaanguka ziwani. Wawili tuliwavuta. Wa tatu alikuwa Bi Mwamvita... Niliona kilemba chake kikielea, nikajirusha, nikazamia mara nyingi, nikarudi mikono mitupu. Nikasikia Zaina akiita, "Mama! Mama!" Sauti ile ninayo masikioni mpaka leo.

Aliyetuokoa ni Bahati. Aling'oa mbao, akajilaza kifudifudi ndani ya maji, akapapasa mpaka akalipata tundu, akalisokomeza kitenge na kukishikilia kwa mkono wake. Kichwa chake alikuwa akikiinua kuvuta pumzi tu. Sisi tukachota maji kwa ndoo, kwa sufuria, kwa viatu. Mawimbi yakatusukuma mpaka ufukweni.

Askari walikuwa wanatusubiri. Siku zile kila kitu kilikuwa na mtu wa kulaumiwa. Mkubwa wao alilitazama lile tundu, akatuita mafundi wawili.

"Nani alitoa bushoni? Mulitaka kuua watu?"

Bahati akajibu bila kusitasita, "Miye nilikuwa kwa moteri. Mambo ya bushoni, Swedi ndiye anajua."

Mkubwa akanigeukia. Zaina alikuwa amekaa mchangani, hatua chache tu, anamlilia mama yake. Nilimwona yeye, nikaiona bunduki, nikamwona Mwajuma. Kinywa changu kikafunguka chenyewe.

"Nilimupatia yeye mukononi," nikasema. "Nilimwambia afunge."

Bahati alinitazama. Hakukasirika... afadhali angekasirika. Alisema kidogo tu, "We Swedi." Basi. Wakamfunga mikono kwa kamba. Mmoja akasema huyu Mkongomani katumwa kuzamisha watu, na neno hilo siku zile lilitosha kumpoteza mtu. Wakamwingiza kwenye gari, nguo bado zinamtiririka maji.

Na mimi je? Nilipewa pole! Watu wa mtaani walinishika mkono, wakasema Mungu amekuokoa na msaliti. Nikaitikia alhamdulillah. Mwili wa mama mkwe ulipatikana kesho yake, tukauzika. Nilishuka kaburini, nikampokea kwa mikono yangu, na sikusema kitu.

Siku ya nne Zaina alichukua ovaroli ili aifue. Nilikuwa nakula. Alikuja akaiweka ile bushoni mezani, kando ya sahani yangu. Akaketi mbele yangu.

"Baba Mwajuma," akasema, "utakwenda kusema, ao niende miye?"

Nilikwenda. Kila hatua niliona wananifunga mimi sasa, niliona wananipiga, na mara mbili niligeuza njia. Mara ya tatu nikafika kambini walikompeleka Bahati. Nikamweleza askari wa mlangoni kila kitu. Akanisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za mvua, kisha akasema, "Umechelewa. Wageni wote walipakiwa jana. Rudi kwako."

Niliuliza walipelekwa wapi. Akaniambia nisimchoshe.

Zaina alirudi kwao mwaka mzima. Nilikwenda kila wiki, nikabaki nimesimama nje ya ua. Siku aliyorudi, alinipa sharti moja: vita vikiisha, nimtafute Bahati.

Amani iliporudi nilivuka mpaka Uvira. Niliuliza makanisani siku tatu, mpaka nikaonyeshwa nyumba ya dada yake, Mama Neema. Alinikaribisha vizuri, akanipa kiti. Akaniambia kaka yake alirudi akiwa hai, lakini kifua kilikuwa kimeharibika kwa kipigo. Aliishi miaka miwili. Alikufa akikohoa damu.

Nikamwuliza kama Bahati aliwahi kueleza yaliyompata. Akasema, "Alisema tu boti ilizama. Alisema alikuwa na rafiki huko, fundi, maskini alipoteza mama mukwe wake siku ile. Alikuwa anamuombea."

Nilianguka chini, ndugu zangu. Nikamwambia fundi huyo ni mimi, nikamwambia uongo wangu wote, neno kwa neno. Mama Neema alisimama, akaingia ndani, akafunga mlango. Nilikaa pale mpaka jua la mchana likahama. Hakutoka. Sikuwa na haki ya kugonga.

Wewe unayesoma, ukiwa na boti, usikubali neno "iko sawa" la mtu yeyote, hata likitoka kinywani mwako mwenyewe. Inama, papasa, kaza. Nilisahau kwa sababu ya hofu, na hilo pengine Mungu atanisamehe. Lakini pale mchangani sikusahau. Nilijua, nikachagua.

Ukikosea, nakuomba, sema siku ile ile, ukiwa bado unatetemeka, hata kama bunduki iko mbele yako. Mimi nilisubiri siku nne, na siku nne zilitosha kummaliza mtu aliyekuwa ananiombea.