Bunduki Ilipanda Basi, Mtoto Akabaki

Jumapili ile tulikuwa tumetoka misa ya pili, jua la Chimala limeshakolea, nami nimeanika mpunga wangu kwenye turubai nyuma ya nyumba. Upande wa pili wa ua alikuwa jirani yangu Sekela, akimenya ndizi za mchana huku akiimba wimbo wa kwaya. Binti yake Faustina, mtoto wa darasa la sita, alikuwa akipita na sinia la soda kuwahudumia wageni wa baba yake. Ungepita barabarani ungesema hapa wanakaa watu waliobarikiwa, na mimi ningekuunga mkono.

Ndugu zangu, nawasimulia haya nikiwa na hasira, na sitaificha. Kuna watu kwenye jumuiya yetu ya kanisa wamenishauri nikae kimya ili mambo yapoe. Mambo yakipoa kwa mtindo huo, mwakani tutakuwa na mtoto mwingine wa jicho moja, na tutakaa tena kwenye viti vya plastiki kushauriana jinsi ya kunyamaza.

Baba wa nyumba hiyo ni Sosthenes, mtu wa Kilolo, kule Iringa, aliyehamia kwetu na kufungua duka la vipuri vya pikipiki. Si mlevi, wala hapigi mke. Kwenye jumuiya anasali kwa sauti kuliko wote. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: bunduki za upepo za zamani. Hizi hazitumii baruti. Unakunja mtutu, springi inabanwa ndani, unatia kirisasi kidogo kama punje ya mtama, na ukifyatua, springi inasukuma hewa na kirisasi kinatoka. Wazungu waliokuwa na mashamba ya tumbaku huko Iringa waliziacha nyingine kwenye stoo na darini, zikaliwa na kutu. Sosthenes alizitafuta kijiji kwa kijiji, akaja nazo nyumbani zimefungwa kwenye magunia.

Kazi yenyewe ilipendeza kuitazama, lazima niwe mkweli. Alikuwa akikaa barazani na mafuta ya taa na mswaki uliochakaa, akisugua chuma taratibu mpaka muhuri wa kiwandani uonekane. Muhuri ukiwa umefutika, aliitambua bunduki kwa umbo la kifyatulio, kwa nafasi ya skrubu, kwa namba ndogo iliyojificha chini ya mtutu. Aliipiga picha na kuituma kwa wenzake wa mbali kwenye simu, wakabishana wiki nzima kama ni ya kabla ya vita au baada yake. Kitako cha mti alikipaka mafuta kwa kiganja cha mkono, siku baada ya siku, mpaka kikang'aa. Faustina alipoumwa malaria mwaka jana, ni Sekela na mimi tuliomkanda kwa kitambaa cha maji. Baba yake alikuwa barazani anakanda mti.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo shetani alipoingia.

Ile bunduki ya mwisho aliyoipata ilikuwa ya Kiingereza, ya zamani sana, na kila kitu chake kilikuwa cha asili. Hilo neno "asili" lilikuwa haliishi mdomoni mwake. Springi ya asili, skrubu za asili, hata ile ngozi ya ndani inayozuia hewa isivuje aliiloweka kwenye mafuta badala ya kukata mpya. Siku moja aliniita kwenye ua anionyeshe kipande cha chuma kilichokaa kiganjani mwake.

"Hili ni jino, shemeji," aliniambia. "Ndilo linaloishika springi mpaka uvute kifyatulio. Unaona hapa limelika?"

"Likilika inakuwaje?"

"Bunduki ikishtuliwa, inaweza kujifyatua yenyewe."

"Si uchongeshe jingine? Pale Mwanjelwa, Mbeya, mafundi wa kuchonga vyuma wamejaa."

Akacheka, ananionea huruma. "Nikiweka jino la Mwanjelwa haitakuwa yenyewe tena. Wenzangu wataniona muuza vyuma chakavu."

"Na huyu mtoto anayezunguka hapa?"

"Ni upepo tu, shemeji. Si bunduki ya vita hiyo."

Ni upepo tu. Kila mwanamume aliyekanyaga baraza ile alilisema neno hilo. Mnaona basi kwamba sizungumzii mtu asiyejua. Sosthenes alijua kuliko sisi sote. Alilipima lile jino, akaliona limekwisha, akalipaka mafuta, akalirudisha mahali pake, kwa sababu sifa ya kitu cha zamani ilimwingia moyoni kuliko roho za watu wa nyumba yake.

Basi Jumapili ile wageni walikuwa wawili: Adrian, rafiki yake wa mashine ya kukoboa mpunga, na mzee Timotheo, mwenyekiti wa jumuiya yetu. Desturi ya nyumba hiyo ilikuwa kila mgeni apewe bunduki alenge vizibo vya soda vilivyopangwa juu ya tofali karibu na jiko. Na mpangaji wa vizibo mnamjua? Faustina. Baba mtu alimtuma mtoto wake mwenyewe kusimama mbele ya mtutu. Nasikia uchungu hata kusimulia.

"We Faustina, kavipange tena, baba mwenyekiti naye ajaribu," nilimsikia Sosthenes akisema.

Mtoto akaenda. Adrian, aliyekuwa na bunduki mkononi, akakunja mtutu, akatia kirisasi, akaufunga kwa kuupiga kofi kama alivyoona wengine wakifanya. Hakugusa kifyatulio. Hilo nalikubali. Jino liliteleza, mlio ukatoka mdogo tu, kama mtu aliyegonga meza kwa kidole, na Faustina akaketi chini na kushika uso.

Niliruka ua, sijui hata niliruka vipi. Sekela alifika kabla yangu akiwa na kisu cha ndizi mkononi. Na Sosthenes? Adrian alikuwa ameitupa bunduki sakafuni kwa hofu. Sosthenes aliinama kwanza akaiokota, akapitisha kidole kwenye kitako kuangalia kama kimepasuka. Niliona kwa macho yangu mawili, ambayo namshukuru Mungu ninayo bado.

Tuliposema tumpeleke mtoto, mzee Timotheo aliinua mkono. "Ngojeni kwanza. Mkifika kituo cha afya mkasema bunduki, watataka PF3, ile fomu ya polisi. Polisi watauliza kibali. Sosthenes, una kibali?"

"Sina."

"Basi aseme amechomwa na kijiti cha kuni. Jicho ni jicho, watalitibu tu."

Sekela akasema, "Baba Faustina, mtoto anaumia, tuseme kilichotokea."

"Unataka nifungwe?" akajibu mumewe. "Nikifungwa, nani atawalisha?" Kisha akapiga magoti mbele ya mtoto, na sauti yake ikawa ya upole kuliko nilivyowahi kuisikia. "Faustina mwanangu, ni kijiti. Umesikia? Yeyote akiuliza, sema ni kijiti. Ukisema vingine, watamchukua baba."

"Ndiyo, baba," akajibu mtoto.

Mimi nilipiga kelele pale, na wote waliokuwepo wanajua. Nikaambiwa haya ni mambo ya familia ya watu, nikatolewa nje na kufungiwa geti.

Kituo cha afya walifanya kazi yao kwa kile walichoambiwa. Waliosha jeraha, wakatia dawa, wakafunga, wakaandika mtoto aende Mbeya kesho yake kwa daktari wa macho. Kesho yake hakwenda. Sosthenes alisema uvimbe upungue kwanza. Nilimsubiri Sekela kwenye ua nikamuuliza kwa nini, akaangalia pembeni. "Anaogopa daktari wa macho atauliza sana," alisema. Mtoto alikuwa amelala ndani, hali kitu, anasema kichwa kinapasuka.

Kesho kutwa yake asubuhi nilikuwa stendi nanunua mafuta ya kupikia. Nikamwona Sosthenes amesimama na kifurushi kirefu kilichofungwa kwenye blanketi la maua ya njano. Lile blanketi nalijua. Ni la Faustina, huwa naliona likianikwa. Moyo wangu ukafurahi, nikadhani amelibeba ili mtoto afunikwe njiani.

"Shemeji, afadhali," nikamwambia. "Mtoto yuko wapi? Mnapanda la Mbeya saa hizi?"

"Nakwenda Kilolo," akasema. "Kaka yangu ana shida kidogo."

Nikaligusa lile blanketi, nikasikia chuma. Akarudi nyuma hatua moja, akalikumbatia kifuani. Basi la Iringa likaingia, akapanda, akakaa na kifurushi chake magotini.

Chimala tunaishi na barabara moja. Ukielekea upande huu unafika Mbeya, aliko daktari wa macho. Ukielekea upande ule unafika Iringa. Mtu huyo alikuwa na nauli, alikuwa na siku nzima, alikuwa na nguvu ya miguu, na katika hivyo vyote akachagua kuipeleka bunduki isipate madhara. Aliivika blanketi. Mtoto alimwacha kitandani anatetemeka.

Sikurudi kwangu. Nilikwenda moja kwa moja kwa Sekela, nikamweleza nilichokishika kwa mkono wangu. Aliingia ndani akatoka na mtoto amembeba mgongoni, msichana mkubwa vile. Hakuomba ruhusa kwa mtu. Tulipanda gari la Mbeya pamoja.

Hospitalini tulimkuta daktari mwanamke, mtaratibu. Aliinama mbele ya Faustina akamuuliza amepatwa na nini.

"Kijiti," akasema mtoto.

"Kijiti cha namna gani, mama?"

"Cha kuni."

Sekela akashindwa kujizuia. "Daktari, ni bunduki ya upepo," alisema huku analia. "Ni baba yake. Tumedanganya."

Daktari hakutugombeza, na ningeona afadhali angetugombeza. Aliagiza picha. Kirisasi kilikuwa kimekaa ndani kabisa, na usaha umeshajaa. Alituita pembeni akatuambia kwamba angejua siku ile ile, angekuwa na la kufanya. Sasa kazi yake ilikuwa kuliondoa jicho hilo ili maradhi yasimpande kichwani wala yasiliguse la pili. Sekela alitia saini, na mimi nilimshika bega.

Sosthenes alifika baada ya upasuaji, ametoka Kilolo, vumbi limemjaa kwenye viatu. Aliingia wodini, akamwona mtoto amefungwa bendeji nusu ya uso. Nilingoja alie. Nilingoja ashike hata mguu wa kitanda. Akamgeukia mkewe akauliza kwa sauti ya chini, "Mmewaambia nini?"

Aliyejibu ni Faustina, ambaye tulidhani bado amelala kwa dawa.

"Mimi sijasema, baba," alisema. "Nimewaambia ni kijiti."

Sosthenes aliteleza na ukuta mpaka chini, akaanza kulia kwa sauti, na sikumwonea huruma hata chembe. Nawaambia ukweli, mpaka leo sijamwonea.

Sekela aliinuka palepale, akaenda kituo cha polisi, akataja kila kitu: bunduki, Kilolo, nyumba ya shemeji yake ilimofichwa. Ilikutwa ikiwa kwenye blanketi bado. Sosthenes sasa anasubiri kesi. Duka analiendesha Sekela. Adrian amekuja kuomba msamaha akilia, na Sekela amempokea. Mzee Timotheo bado anaongoza sala za jumuiya, na mimi siendi akiwa yeye ndiye anayeongoza. Faustina amerudi shuleni. Akimiminia mtu chai, anaweka kwanza kidole kwenye ukingo wa kikombe ndipo amimine, kwa sababu kwa jicho moja hajui kikombe kinaanzia wapi.

FUNZO

Enyi wazazi, kupenda vitu vya zamani si dhambi. Fundi anayekirudishia uhai kitu kilichooza anastahili sifa. Lakini silaha ni silaha, iwe ya baruti au ya upepo, na anayejua ina kasoro akaiacha kwa ajili ya sifa, huyo hana haki ya kuita kilichotokea ajali. Ihalalisheni kisheria, itengenezeni kikamilifu, ifungieni mbali na watoto. Kama hamwezi, isalimisheni.

Na mtoto akiumia, semeni ukweli kwa daktari saa ile ile. Dawa hutibu kile kilichosemwa. Wanaume mliokaa kwenye baraza ile mkamfundisha mtoto uongo ili rafiki yenu asiulizwe maswali, jueni kwamba kirisasi kilimjeruhi Faustina, na maneno yenu ndiyo yaliyomng'oa jicho. Mtoto mtiifu ni amana. Ninyi mliutumia utiifu wake kuficha chuma, naye akawatii mpaka mwisho.