Dakika Arobaini na Tano za Kitanda Namba Sita

Marehemu alikuwa bado amevaa miwani yake. Mwalimu mstaafu, kitanda namba sita, moyo ulisimama saa nne asubuhi. Katika kisanduku cha taka za wodi, Inspekta aliokota vichupa viwili vitupu vya dawa ya moyo. Mgonjwa alipaswa kupewa kimoja.

"Hiki cha pili nani alimpa?"

"Mimi, Afande," alisema muuguzi wa zamu. "Saa tatu na nusu imepita kidogo. Kompyuta ilionyesha hajapewa."

"Cha kwanza?"

"Mimi," alijibu muuguzi mkuu, mama mtu mzima. "Saa tatu kamili. Nikaandika kwenye kompyuta papo hapo, kisha nikaitwa chumba cha upasuaji."

"Mbona kompyuta haina kitu?"

"Niliandika."

Uchunguzi wa maiti ulithibitisha dozi mbili. Muuguzi mkuu akawekwa mahabusu kwa kutoandika dozi yake. Kila asubuhi mumewe, fundi mkuu wa kompyuta wa hospitali hiyohiyo, alimletea chupa ya chai na kukaa naye, kichwa chini. Inspekta alimhurumia sana bwana yule.

Siku ya tatu muuguzi mkuu aliomba kalamu, akatia sahihi kukiri kwamba hakuandika. Inspekta hakufurahi. Siku mbili mtu anakana kwa uso mkavu, leo anakubali bila kuulizwa? Akazitandaza mezani kumbukumbu za wodi nzima za asubuhi ile. Vitanda ishirini na viwili, na kuanzia saa tatu kasorobo mpaka saa tatu na nusu hakuna aliyemeza hata kidonge cha homa.

Alikwenda moja kwa moja chumba cha mitambo.

"Mashine ya wodi ni ipi?"

"Huwezi kuigusa, Afande," fundi alisema. "Ni mashine isiyo na umbo, inaendeshwa na mfumo uitwao Linux na inaishi ndani ya kompyuta hii kubwa, kama mpangaji ndani ya nyumba. Kuna programu saidizi zinazomwezesha mpangaji kuelewana na mwenye nyumba. Siku ile nilikuwa nazipandisha kwenye toleo jipya."

"Zikapanda?"

"Zikapanda."

"Nionyeshe kumbukumbu za mwenye nyumba."

Fundi alibofya kipanya polepole. Mistari miwili ikatokea: saa tatu kasorobo, nakala ya mashine imehifadhiwa. Saa tatu na nusu, mashine imerudishwa kwenye nakala.

"Una haki ya kunyamaza."

"Nimenyamaza vya kutosha." Fundi aliketi. "Zilikwama katikati. Hazikupatana na kiini kipya cha Linux, yaani moyo wa mfumo, mashine ikaanza kuganda. Nikahangaika weee, nikashindwa. Nikairudisha ilivyokuwa kabla sijaigusa."

"Na yaliyoandikwa katikati?"

"Yalifutika yote."

"Kanuni inasemaje?"

"Utangazie wodi kwanza, waandike kwenye karatasi. Kanuni hiyo niliitunga mimi."

"Sasa mbona hukutangaza?"

"Kutangaza ni kusema nimeshindwa. Miaka kumi na tisa wananiita Daktari wa Mashine. Niliona haya, Afande! Nikajidanganya kwamba dakika arobaini na tano si kitu."

"Na mkeo alipokamatwa?"

"Kila asubuhi nilitoka nyumbani nimeazimia kumwambia. Nikifika, ulimi mzito."

Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, ila hapa kifo kilikuwa kimemchukua mtu mwingine. Inspekta alikuwa amewafunga pingu wauaji wa visu na wa sumu. Kesi hii ilimuuma kuliko zote.

Kituoni, muuguzi mkuu alimsikiliza mumewe mpaka mwisho. Chupa ya chai ya asubuhi ilikuwa bado mapajani mwake, haijafunguliwa.

"Siku tatu," alisema. "Siku tatu unaniambia, mama watoto, jaribu kukumbuka vizuri, labda ulichoka."

"Nisamehe."

"Nilikuwa na hakika mimi. Nakumbuka mpaka herufi nilizobonyeza. Lakini nikasema, mume wangu ndiye anayezijua hizi mashine, hawezi kunidanganya." Aliisukuma chupa kando. "Nimelala na yule mwalimu kichwani, namwomba radhi. Leo nikasaini kwamba nimemuua."

Alimgeukia Inspekta.

"Afande, mwanawe marehemu alikuja hapa leo, nikapiga magoti mbele yake. Nani atakwenda kumwambia ukweli?"